Zege Halikauki

Mtaa mzima ulimwita Bwana Bustani, na mtu mwenyewe hakuwa na hata mche mmoja wa mchicha. Alikuwa fundi wa zege. Jina alilipata kwa tabia moja iliyowashinda majirani. Fundi mwingine akishamwaga sakafu huosha mikono na kuaga. Yeye ndiyo kwanza anaomba mpira wa maji. Anamwagilia asubuhi, anamwagilia mchana, anamwagilia jioni, na kesho yake anarudi kuchungulia kama mtu aliyepanda maharage. Katika mji ule ulioegemea jangwa, ambako mvua ilikuja mara moja kwa mwaka, tena kwa fujo, mwanaume anayemwagilia sakafu lazima apewe jina. Bahati yake walimpa la heshima. Shemeji yake alikuwa amependekeza Kichaa.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa mchanganyaji wake: mtu mpana, mwenye mikono minene kama mapaja ya watu wengine na mdomo usiojua siku ya mapumziko. "Shemeji," alikuwa akisema, ameegemea sepeto, "likianza kuchipua uniite, nisikose mavuno."

Bwana Bustani aliendelea kumwagilia. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa misumari ya mwisho kwenye kopo. Hotuba aliyokuwa nayo ni moja tu, na kila mteja aliisikia kwa miaka ishirini na sita:

"Zege halikauki. Zege linakomaa. Saruji inakunywa maji ndipo ipate nguvu. Ukiinyang'anya kabla haijashiba, inakuwa ngumu usoni, dhaifu moyoni. Siku saba lilowe."

Wateja waliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomwitikia daktari anayewakataza chumvi.

Sasa kulikuwa na mshonaji mmoja, mwanamke wa makamo, aliyeishi na mama yake katika nyumba ya mwisho mwa barabara, pale ambapo lami inakata tamaa na mchanga unaanza. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani na vitambaa. Cha nyuma kilikuwa cha Bibi. Mlango wa chumba cha Bibi ulifungukia uani, na uani kulikuwa na mchanga mtupu mpaka ukutani.

Bibi alikuwa ameanguka miezi minane iliyopita, akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudishia mguu na kumwongezea minne mingine: fremu ya bati ya kutembelea, yenye soli za mpira, ambayo yeye aliiita mbuzi. Ndani ya nyumba mbuzi alikwenda vizuri. Akitoka uani, kwato zinazama, Bibi anasimama pale kama nguzo ya simu, binti anaacha sindano na kukimbia kumchomoa. Mwisho akaacha kutoka. Akakaa mlangoni kwenye kiti, anautazama mchanga, na mchanga unamtazama.

Daktari alisema hatua arobaini kila siku, la sivyo mguu utasahau kazi. Kwenye korido ya ndani, kati ya kabati na mlango wa choo, zilipatikana hatua saba. Na kaka mkubwa, mwanawe wa kwanza, akapiga simu: atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kama Mama hawezi kutembea atamchukua akakae kwake, ghorofa ya tano.

"Ghorofa ya tano nitatembea wapi?" Bibi aliuliza. "Hewani?"

Ndipo mshonaji akamwita Bwana Bustani.

Fundi alifika saa nne na mfuko wa gunia, akakataa kiti. Kitu cha kwanza hakupima uwanja. Alimwomba Bibi atembee na mbuzi wake kwenye korido, akaburuta futi kamba nyuma yake, magotini, kama mshonaji anayepima upindo.

"Sentimita thelathini kila hatua," alisema. "Kibaraza kiwe mita sita. Ishirini kwenda, ishirini kurudi."

Bibi akamtazama upya. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo. Miaka thelathini na mmoja alisoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na inasemekana bomba likidondosha tone jikoni mwa nyumba ya tatu yeye aliamka. Alikuwa amekatia watu maji mbele ya watoto wao na asipepese jicho.

Mshonaji alikuwa na picha kwenye simu. Alitaka vigae vinavyong'aa, kama vya hoteli. Vikishindikana, basi zege la rangi nyeusi, maana nyeusi haionyeshi uchafu.

Fundi alifungua mfuko, akatoa vipande vitatu vya ukubwa wa sahani: kigae king'aacho, zege jeusi, na zege la kijivu cheupe ambalo uso wake ulipitishwa ufagio likiwa bichi, likabaki na mistari myembamba. Akavipanga juani. Akaketi kivulini. Mshonaji alirudi kwenye cherehani akidhani fundi amelala. Saa saba mchana, jua likiwa limesimama wima utosini, fundi akabisha.

"Dada, vua viatu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine atakayekanyaga?"

"Mwambie avue!" Bibi alisema kutoka kitini. "Miezi minane sijaona sinema."

Mshonaji akavua. Akakanyaga kipande cheusi, na hakukaa. Aliruka hadi kwenye kizingiti akitaja watu wa ukoo wake. Fundi akanyunyizia maji kidogo kwenye kigae, akamshika mkono. Unyayo ukateleza kama sabuni. Kisha mshonaji akapanda kile cheupe chenye mistari, akasimama. Kilikuwa na joto, lakini la kuvumilika, na kilimshika mguu.

"Hiki," alisema.

"Ndiyo maana sibebi picha," fundi akasema, akarudisha vipande mfukoni.

Alieleza yaliyobaki kwa kifupi. Kibaraza kitainama kidogo kuelekea ukuta wa uani, maji yasirudi ndani. Mshonaji akacheka: mvua yenyewe mara moja kwa mwaka! "Mara moja hiyohiyo," fundi akasema, "inatosha kukulaza na vyura." Na kitagawanywa vipande sita, vitatu kwa urefu na viwili kwa upana, kila kimoja mita mbili kwa mbili, na mfereji mwembamba kati yao.

"Kwa nini usimwage kimoja, kikapendeza?"

"Kwa sababu zege lazima lipasuke, dada. Joto la mchana, baridi ya usiku, linavutwa huku na huku. Sisi tunalichagulia pa kupasukia."

Mshonaji akafikiri. "Kama mpasuo wa sketi. Usipouacha wewe, makalio yatauweka yenyewe."

Fundi alikohoa, akatazama ukuta. Shemeji alipohadithiwa baadaye alitaka kwenda kumposa.

Walimwaga Jumamosi, wiki mbili kamili kabla ya kaka mkubwa kuja. Udongo ulikuwa umeshindiliwa, mbao za pembeni zimepigwa, wavu wa chuma umelazwa na kukatwa kwenye kila mshono. Kokoto zilikuwa zimelowekwa tangu jana yake na kufunikwa turubai, na mapipa ya maji yalikaa kivulini, kwa sababu zege likipikwa na vitu vya moto huganda kabla hujalipiga mwiko. Walianza alfajiri, nyota za mwisho zikiondoka. Shemeji alichanganya, alisukuma toroli, alisema. Fundi alisawazisha kwa ubao, akapiga mwiko, akavuta ufagio kwa mkono mmoja, mstari mmoja, bila kurudia, akitembea kinyumenyume kama anayetoka mbele ya mfalme. Saa tatu, upepo ulipoanza kunusa ardhi, vipande vyote sita vilikuwa chini. Lilipoanza kushika walilifunika kwa magunia yaliyolowa, gunia kwa gunia, na fundi akayamwagia maji mpaka yakavuja.

Bibi alikuwa mlangoni muda wote, mkongojo wake wa zamani wenye mpini wa kupinda ukiwa mapajani. Hakuwa na tatizo na kazi. Tatizo lake lilikuwa mpira wa maji.

"Fundi. Hayo maji ni lita ngapi?"

"Kama mia moja, Bibi. Na jioni tena. Na kesho."

"Mia moja." Bibi alifumba macho. "Nimewakatia watu kwa chini ya hapo."

Ilikuwa imefika saa sita. Fundi alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri, mgongo umekaza kama nondo, saruji imemkaukia kwenye nyusi. Akamwonyesha mshonaji namna ya kuyalowesha magunia jioni, akaokota vifaa. Na pale mlangoni mshonaji akamuuliza swali dogo tu: "Sasa Mama atatoka lini?"

"Hana haja ya kuwa na wasiwasi," fundi akasema, akipiga mwayo. "Likishakauka tu, anatoka."

Akaondoka. Miaka ishirini na sita ya hotuba, na siku ile ulimi ukachagua neno la watu wote. Hakulisikia likitoka. Bibi alilisikia.

Kesho yake alirudi kabla jua halijachomoza, Shemeji nyuma yake akitafuna. Alizunguka nyumba, akasimama.

Vipande vitano vilikuwa vimefunikwa, vyeusi kwa maji. Cha sita, cha mlangoni kabisa, kilikuwa wazi, cheupe kama unga. Uso mzima umejaa nyufa nyembamba, zikikutana na kuachana kama mistari ya kiganja cha mzee. Alipiga magoti akaukwaruza kwa ukucha. Vumbi likatoka.

"Upepo," Shemeji alisema. "Upepo wa jana ulikuwa na hila."

Fundi alionyesha mlangoni. Pembeni mwa kizingiti, kwa ndani, kulikuwa na magunia manne, yamekunjwa mara nne nne, kingo kwa kingo, kama mashuka ya hospitali.

"Upepo gani huo unakunja, Shemeji?"

Shemeji akakubali kwamba kweli, upepo wa namna hiyo ungefaa kuolewa.

Mlango ulifunguka. Bibi alisimama na mbuzi wake, kilemba kimefungwa vizuri, kama mtu aliyelala akisubiri kesi.

"Ni mimi," alisema. "Niliyavuta kwa mkongojo, saa nane, huyu akiwa kwenye cherehani. Jioni nikamwambia hapa mlangoni nimeshapashughulikia. Asubuhi hii ningeendelea na magunia yaliyobaki. Usimguse binti yangu kwa maneno."

"Bibi. Kwa nini?"

"Ulisema likikauka nitatoka. Sasa mimi nguo mbichi sijawahi kuiona inakauka ukiifunika gunia bichi. Nikasema fundi amechoka, amesahau kuanua. Nimsaidie." Sauti ikashuka. "Jumamosi ya mwisho siyo mbali, mwanangu."

Shemeji alifungua mdomo. Fundi akamwinulia kidole, na kwa mara ya kwanza katika undugu wao, mdomo ukafungwa.

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Fundi alikaa palepale kwenye ubao wa pembeni, akalikumbuka neno lake lote, na mwayo wake. Alikuwa amewasuta mafundi wangapi kwa neno hilohilo? Kuna mmoja aliacha hata kumsalimia. Na yeye amelitamka mbele ya mtu mmoja duniani ambaye angelitii neno kwa neno, maana alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa na kukifuata.

"Umesoma sawa, Bibi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mshonaji alikuwa ametoka, futi kamba shingoni, macho yamejaa. Aliuliza kama hakuna dawa. Fundi alisema ipo dawa ya haraka: kupaka saruji laini juu, kama poda. Mafundi wengi hupaka. "Kaka yako akija, atasifu. Miezi sita baadaye itabanduka kama ngozi ya mjusi, na mbuzi atajikwaa hapohapo mlangoni." Dawa nyingine ni kuvunja kipande kile, kumwaga upya kesho alfajiri, na siku saba kuanza upya. Je, zingebaki siku za mazoezi kabla kaka mkubwa hajaja? Fundi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kesho Jumatatu. Magunia yangetoka Jumatatu ifuatayo. Siku tano za mazoezi.

"Na kama hili nalo likikataa?" mshonaji akauliza.

"Hakuna dawa tena."

Wote walimgeukia Bibi. Bila kipande cha mlangoni, vile vitano vilivyobaki vilikuwa kisiwa.

"Mita ikisoma uongo," Bibi alisema, "hupaki rangi kwenye kioo. Unaing'oa. Vunja."

Walivunja. Jumatatu walikuwa tayari, saruji imebebwa, kokoto zimeloweshwa. Lakini usiku ule upepo uliamka vibaya. Ulipofika alfajiri, mchanga ulikuwa unatembea hewani na mtu haoni ukuta. Fundi alisimama barabarani, kitambaa mdomoni, akakataa kumwaga. Jumanne ikawa hivyohivyo. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ikawa hivyo pia. Shemeji akasema tumwage tu, kaka mkubwa atajua nini? "Haraka haraka haina baraka."

"Sasa huo msemo unaniunga mkono mimi," fundi akasema.

"Nilikuwa naelekea huko. Nimeanza upande usio wake."

Upepo ulitua Jumapili. Walimwaga alfajiri hiyo. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu: Jumamosi ya kaka mkubwa ingekuwa siku ya sita.

Fundi alipomaliza kulaza magunia, hakumpa mshonaji mpira. Alimpelekea Bibi.

"Mimi?" Bibi akasema. "Mimi nimwage maji?"

"Wewe ndiye ninayekuamini. Hutamwaga lita moja zaidi wala moja pungufu. Kila gunia likianza kupauka, unalilowesha. Zege halikauki, Bibi."

"Linafanya nini?"

"Linakomaa."

Bibi aliupokea mpira kama mtu anayekabidhiwa nyoka wa jirani. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa kizingitini tangu kucha hadi kuchwa. Mpira haufiki ukikaa. Ilibidi asimame, mkono mmoja kwa mbuzi, mwingine kwa maji, mara sita, mara nane kwa siku. Siku ya tatu fundi alipopita alikuta mbuzi amesogezwa pembeni na Bibi ameegemea mwimo wa mlango kwa bega, ananyunyiza kwa kidole gumba ili maji yasambae. Alimpa taarifa bila kuulizwa: lita sitini na mbili, magunia yote salama, paka mmoja amefukuzwa.

Fundi alilala vibaya juma lile. Mkewe alimuuliza kama zege lile lina mtoto wake ndani.

Jumamosi alifika mapema, akakaa kwenye ukuta na Shemeji, wakipewa chai. Gari lilisimama saa tatu. Kaka mkubwa alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa na haraka, alizunguka kwa nje, akaibukia uani upande wa mbali, nje ya kibaraza.

"Mama! Mbona uko juani? Nimekuja. Vitu vyako viko wapi?"

"Simama hapohapo," Bibi alisema kutoka mlangoni, mpira mkononi. "Usikanyage na hivyo viatu."

"Mama, nimeshaandaa chumba..."

"Leo siku ya sita. Siondoki na zege bichi."

Kaka mkubwa alimtazama dada yake, ambaye alitazama juu. Akahema kama mtu anayeongea na mtoto. "Sawa. Lakini tulikubaliana, Mama. Utembee au twende. Wewe unasimama tu hapo."

Bibi aligeuza kichwa. Alimtazama fundi.

Fundi alikuwa hajawahi kufunua magunia kabla ya siku ya saba, hata kwa ajili ya harusi ya mtu. Aliweka kikombe. Alikwenda, akapiga magoti, akakunja gunia la kwanza, akagonga zege kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akagonga tena. Lilijibu vizuri. Akakunja mawili mengine, njia nyembamba tu ya upana wa mbuzi, akaifuta kwa shati lake mpaka hakuna maji.

"Wewe una kilo ngapi, Bibi?"

"Hamsini na moja."

"Halitishiki. Ukishapita, nalifunika tena."

Bibi akafunga maji kwanza, mpaka tone la mwisho. Ndipo akashika mbuzi. Soli za mpira ziligusa mistari ya ufagio, zikashika. Hatua. Hatua. Akavuka mshono wa kwanza, akavuka wa pili, akafika mwisho mbele ya mwanawe, akamtazama viatu, akageuka. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Shemeji alihesabu naye kwa vidole. Akarudi hadi kizingitini, akageuka tena, jasho likimtiririka.

"Thelathini na sita," alisema kwa hasira. "Fundi, ulipima vibaya. Daktari alisema arobaini."

"Nilipima sawa, Bibi. Hatua zimerefuka."

Bibi alifikiri, akatoka tena, akatembea hatua nne, akarudi zote nne, kwa usalama wa hesabu.

Kaka mkubwa aliinama. Akavua viatu, akaviweka pamoja pembeni mwa ubao. Alikuwa na soksi zenye tundu. Akanyoosha unyayo juu ya kibaraza, akausimamisha hewani, akamuuliza fundi kwa heshima zote:

"Limeshakauka?"

Shemeji akaweka kikombe chini taratibu. "Ametafuta mwenyewe," alisema.